Bahari Chini ya Jiko Letu

Ramani ya baba ilinuka mafuta ya taa na karatasi kuukuu. Alipewa na rafiki yake mpima ardhi, na masika ile, nyumbani kwetu Ng'ambo, aliitandaza mkekani akaibana pembe kwa vikombe vya kahawa. Sikuwa nimewahi kuuona mji wangu kutoka juu. Mji Mkongwe ulisongamana upande mmoja kama tende kikapuni, na baina yake na sisi palipita mkono wa bahari, wa rangi ya buluu, ambao siku hizi ni barabara na soko. Mistari myembamba ya kahawia ilionyesha ardhi inapopanda na inaposhuka. Mpaka leo sijaona kazi ya mkono iliyotulia kama ile.

Baba hakuitandaza kwa kujifurahisha. Bomba lilikuwa halitoi maji, na mama alitaka kisima. Alikitaka uani, karibu na jiko, kama ilivyo desturi, ili ateke maji bila ya kutazamwa na wapita njia. Baba alifuatisha ramani kwa kidole: kijito cha mkono ule wa bahari, kilichofukiwa zamani, kilipita chini ya ua wetu hasa. Ardhi ya juu ilikuwa mbele, penye baraza walipokaa wanaume kila alasiri.

Mchimba kisima, Mzee Pandu wa Makunduchi, alicheka.

"Karatasi hiyo ina ulimi wa kuonjea maji? Mie nshachimba visima wewe hujaota ndevu. Mkamia maji hayanywi, bwana."

Akachimba uani. Mama alionja ndoo ya kwanza, akatema.

"Chumvi tupu! Sasa nikateke mbele ya wanaume wenu?"

Asubuhi yake baba alichukua nyundo, akaibomoa baraza aliyoijenga mwenyewe, akapazungushia makuti.

"Umetufukuza, Bwana Seif!" jirani alilalamika. "Tukae juu ya ramani?"

"Kaeni barazani kwako. Kahawa nitaleta mimi."

Kisima cha mbele kilitoa maji matamu. Mzee Pandu alikunywa kata mbili, akajifuta ndevu. "Haya, karatasi imeshinda."

Majuzi mpwa wangu alinionyesha kwenye simu kiwanja anachotaka kununua Chukwani. Picha ilikuwa safi ajabu, kila mnazi na kivuli chake. Nilimuuliza maji ya mvua hupita wapi. Akaikuza picha, akaikuza tena; haikuwa na mstari hata mmoja wa kahawia.