Mlango wa Chuma, Ghorofa ya Tatu

Dada yangu alipoambiwa kwamba usaili wake wa kazi ya uuguzi ng'ambo ungefanywa kwa video, akiwa nyumbani kwake mtaa wa Fedha, Nairobi, nilimwambia asihangaike. Waifai ya ploti nzima, jengo lote la wapangaji, niliifunga mimi. Hata panya wa humo, nilisema, wakitaka kupigiana simu za video watapigiana. Akaniuliza kama nina hakika. Mimi nikiulizwa swali hilo kuhusu kazi yangu huwaka papo hapo, na hasira zangu huwa na maneno mengi. Nikamwambia kwamba mimi sijawahi kumfuata wodini kumuuliza kama ana hakika na sindano.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mkataba wake kwenye hospitali moja ya kibinafsi ulikuwa umekwisha na haukuongezwa. Miaka mitatu alikuwa anaishi na Mama, ambaye kiharusi kilimlaza upande wote wa kulia. Usaili huo ndio uliokuwa umebaki, na masharti yake yalikuwa makali: awe peke yake chumbani, mlango umefungwa, simu iachwe nje, asiingie mtu. Mawasiliano yakikatika, nafasi inapewa mwingine.

Kazi ya waifai tuliipanga na mwenye ploti kule soko la nyama la Burma, mbele ya sahani ya mbuzi choma. Nilimchorea jengo lake nyuma ya risiti: ghorofa tano, korido moja ndefu katikati ya kila ghorofa, nyumba nne huku na nne kule. Kilichompa wasiwasi ni idadi ya vile visahani vyeupe vya kurushia mtandao, ambavyo sisi mafundi tunaviita akses pointi. Nikamwambia kimoja kila ghorofa kinatosha, kikikaa darini katikati ya korido. Baadaye nilipita nyumba hadi nyumba na simu mkononi, Jumamosi mchana, nikipima. Kila chumba kilikuwa na mtandao wa kutosha na kusaza. Nilijipiga kifua, nikalipwa, nikaondoka.

Asubuhi ya usaili nilifika mapema kutoka Kiamaiko, ninakopanga chumba. Tulimhamishia Mama kwa jirani wa mkabala, mama mmoja anayeuza mitumba, tukamkalisha penye upepo. Dada alikuwa amevaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi, na chini amebaki na leso na malapa. Akanipa simu yake, akaingia. Saa nne kasorobo akafunga mlango, nikasikia komeo likisukumwa kwa ndani.

Nikakaa kwenye ngazi na laptopu yangu magotini. Kutoka hapo niliweza kuona mashine zote zilizounganishwa kwenye mtandao. Mawasiliano ya laptopu ya dada yalikuwa yameshuka. Nikadhani macho yangu yananidanganya. Nikafungua ukurasa upya, ikashuka tena, ikapotea, ikarudi ikining'inia.

Ndipo akili iliponirudia. Ploti zetu zote zina milango ya chuma, bati nene lililochomelewa juu hadi chini kwa sababu ya wezi, na bati huzuia mtandao. Lakini Jumamosi mchana hakuna anayeifunga. Watu wanafua, wanapika, watoto wanaingia na kutoka, na kila mlango unaachwa wazi umening'inizwa pazia tu. Nilikuwa nimepima mapazia. Nimezaliwa mitaa hii ya Eastlands, nimekulia nyuma ya pazia la namna hiyo, na sikuwahi hata kuliona. Nyumbani kwa dada mlango haukufungwa mchana hata siku moja, kwa sababu Mama hupenda kuona wapitao.

Zilibaki dakika kumi na mbili. Kubisha hodi sikuweza, maana kamera ya laptopu yake ilikuwa tayari imewashwa na mtu akionekana mlangoni kazi imeharibika. Simu yake nilikuwa nayo mimi mfukoni. Nikaongeza nguvu ya kisahani hadi mwisho. Haikusaidia, kwa sababu sasa ni kama kisahani kilipiga kelele kikasikika ndani, lakini laptopu yake haikuwa na sauti ya kukijibu kupitia bati lile. Dirisha lake nalo linatazama ukuta wa jengo la pili.

Nikainua macho. Juu ya mlango wake palikuwa na matundu ya hewa, matofali mawili yenye vitobo. Na kwenye dari, nyuma ya kisahani, nilikuwa nimeacha waya mrefu umekunjwa mviringo, kama tunavyofanya sote ili siku ya marekebisho usikwamishwe na ufupi wake. Umeme wake unapita humohumo kwenye waya, kwa hiyo ningekisogeza bila kukizima. Nikaazima kreti ya soda kwa jirani, nikapanda, nikakifungua haraka. Skrubu moja ilinidondoka ikaviringika hadi kwenye ngazi, sikuifuata. Nikavuta waya hadi mlangoni. Ulifika kwenye matundu, lakini haukubakiza hata inchi ya kukifunga mahali. Ilibidi nikishike.

Hivyo ndivyo nilivyosimama juu ya kreti, mikono yote miwili juu ya kichwa, nimekibana kisahani kwenye tofali. Simu yangu niliiegemeza kwenye ukingo wa ukuta, ikinionyesha mashine ya dada ikipanda, ikitulia. Saa nne kamili nikasikia sauti ya mwanamume ikimsalimu kwa Kiingereza.

Jirani akaniuliza kwa upole, "Fundi, kwani unashikilia nyumba isianguke?" Nikamwomba kwa macho anyamaze. Mama naye alikuwa ananitazama kutoka kwenye kiti chake, mlangoni pa jirani.

Dakika kumi za kwanza zilikuwa rahisi. Kufikia ishirini, mabega yalikuwa yanaungua na vidole vimekufa ganzi. Nikijaribu kuteremsha mkono mmoja, mstari kwenye simu unaporomoka na sauti ya yule mwanamume inakatikakatika, na moyo wangu nao. Jasho liliingia machoni, sikuwa na mkono wa kulifuta. Nilikuwa nasikia kila kitu kupitia vile vitobo. Dada alijibu vizuri, taratibu, bila kujikweza. Niliona fahari mpaka nikasahau maumivu kwa muda.

Kisha wakamuuliza kama kuna mtu anayemtegemea, mkataba ukiwa wa miaka mitano.

Sisi alikuwa ametuambia ni miwili. Na Mama angeenda kwa shangazi, Machakos.

Akajibu kwamba ana mama mgonjwa, ila mama atahamia kwa ndugu yake, hapa hapa Nairobi, na jambo hilo wameshakubaliana.

Ndugu aliyenaye dada ni mimi peke yangu. Nina chumba kimoja, kitanda kimoja, na kazi inayonitoa alfajiri. Hakuna siku tuliyozungumza jambo hilo, achilia mbali kukubaliana. Hasira ilinipanda kutoka kwenye magoti. Nikafikiria kitu ambacho nakisema sasa kwa aibu: kwamba ningeshusha mikono tu. Mtandao ungekatika, wangempa mwingine, na dada angeamini hadi kesho kwamba ni mitambo. Hakuna ambaye angejua. Mikono yenyewe ilikuwa inaniomba.

Sikuishusha. Ningependa kusema ni kwa sababu ya upendo, lakini dakika ile sikuwa na upendo wowote. Nilikishika kile kisahani nikiwa nimemkasirikia vibaya sana, nikakishika dakika ishirini nyingine, mpaka nikasikia wakimshukuru na kumuaga.

Komeo likavutwa. Mlango ulipofunguka alinikuta bado nimesimama juu ya kreti, mikono imegoma kushuka. Akatazama waya, akatazama matundu, akaelewa. Uso ukamshuka.

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Na ile ya Mum?"

"Hiyo pia. Si ungeniuliza kwanza?"

"Ningekuuliza, ungesema nini?"

Nilitaka kumwambia ningekubali. Lakini nilikuwa nimechoka mno kudanganya.

"Ningekataa."

"Ndiyo maana sikukuuliza," akasema, machozi yakimtoka bila sauti.

Akavuka korido kwenda kumchukua Mama. Nikamwambia aache, nitambeba mimi. Akanionyesha namna ya kumshika: mkono wangu upite chini ya kwapa la kulia, upande ule uliolala, kisha uzito wote niuchukue mimi. Mikono yangu ilikuwa bado inatetemeka, kwa hiyo ilibidi nimrudishe kitini na kuanza tena.