Wimbo wa Kipa Ambaye Hakuwahi Kuzaliwa

Nilifika Kajiado Jumapili mchana nikiwa nimechoka mpaka ni kama gita ndilo lilikuwa linanibeba. Wiki nzima nilikuwa nimepakia simiti kwenye hardware kule Kitengela, na vidole vilikuwa vimekakamaa. Lakini singekosa. Kipa wetu alikuwa amekufa, na ni sisi wa kumwimbia.

Kipa mwenyewe hakuwa mtu. Kuna ligi ya mpira kwenye mtandao ambayo haichezwi popote: timu ni za kubuni, wachezaji ni majina tu, na kompyuta ndiyo huamua nani afunge na nani apigwe na radi. Mashabiki hutungia timu zao nyimbo za rock na kutumiana. Bendi yetu ilikuwa mimi na rafiki yangu. Gita la besi hatukuwa nalo, kwa hivyo yeye alinguruma kwa koo, vile morani wa Kimaasai huimba, na mashabiki wa mbali walituuliza hiyo mashine tulinunua wapi.

Wimbo ulipaswa kuisha siku hiyo. Kesho yake rafiki yangu angeondoka na ng'ombe kutafuta nyasi, na huko network hakuna. Mimi nilikuwa nimeshaota kwamba huu ndio ungetutoa kimaisha. Kiitikio kilikuwa jina la kipa, mara nne, kwa kelele zote.

Tulirekodi kwa simu, sebuleni kwa mama yake, dirisha limezibwa kwa godoro. Kiitikio kilipofika, rafiki yangu akanyamaza.

"Buda, imba!"

"Siwezi. Ameshakufa."

"Kwani alizaliwa lini?"

"Na wewe si ulilia akipigwa na radi?"

Ni kweli, nililia kidogo.

Mama yake, yeyo kama tunavyomwita kwa Kimaasai, akaingia na chai. "Nani amekufa?"

"Kipa wa kwenye simu, yeyo," nikasema.

"Ako na mama?"

"Hana."

"Maskini. Na mnamwita kwa jina?"

"Ndio wimbo wenyewe, yeyo."

Akaweka birika chini polepole, vile mtu aliyeteka maji tangu alfajiri huweka kitu. "Kwetu aliyekufa hatajwi jina. Mtu amechoka, ameenda. Mkimwamsha aende wapi? Kunyweni chai."

Sikuwa na nguvu ya kubishana, na nikimwangalia, sikutaka. Tukarudia. Pale pa jina nikaondoa mkono kwenye nyuzi, likabaki koo la rafiki yangu tu, chini kabisa, kama fahali akiwa mbali. Hatukurekodi tena; nikatuma hiyo hiyo. Rafiki yangu alisinzia na kikombe mkononi.

Wimbo haukututoa. Waliousikiliza walikuwa wachache, na shabiki mmoja akauliza, "Mbona jina hakuna? Mmemsahau?"

Nilisoma hiyo nikiwa nimekalia mifuko, vumbi la simiti kwenye kope. Rafiki yangu alikuwa ameshapotea kwa network. Nilianza kueleza yote, vidole vikakataa, nikafuta.

Nikaandika tu: "Hapana. Tumemwacha alale."