Kikopo cha Wadudu

Juzi, nikimsaidia baba kusafisha gereji, niliokota kikopo chake cha ndoano zilizofungwa manyoya, ili zifanane na nzi na kudanganya samaki. Kilikuwa bado kinanuka gundi na maji ya mto.

Corona ilipoanza nilikuwa mdogo. Shangazi alikuwa akipiga kelele kwenye simu, "Mdudu ameingia Sydney! Akikugusa tu, umekwisha."

Mwisho wa kiangazi cha mwaka huo baba alinipeleka milimani kuvua. Kando ya kijito kilichonguruma juu ya mawe, alifungua kikopo. "Hawa ndio wadudu wangu, mama. Usiwaguse." Nilificha mikono mgongoni. Alipogeuka kurusha kamba, nilimwona mmoja amenasa kwenye sweta yangu. Nikamng'oa, akanichoma kidole.

Garini nilibana pumzi kila baba aliponitazama. Tulipofika nyumbani Seven Hills alinyoosha mikono anibebe. Nilimkwepa, nikakimbilia chumbani na kujifungia, nisije nikamuua.

Mpaka leo baba huwasimulia wageni kwamba siku ile nilimnunia kwa sababu hatukupata samaki.