Siku Niliyomwita Dada

Kwetu karibu na Murangi, mtoto aliandikishwa darasa la kwanza akiweza kupitisha mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili. Binti wa marehemu mama mdogo, tuliyelelewa naye nyumba moja, alikuwa na mikono mirefu. Akashika. Mimi vidole viliishia kwenye nywele, nikarudishwa nyumbani mwaka mzima, ingawa tulizaliwa wiki moja.

Tangu hapo akataka nimwite dada. "Dada wa wapi? Tuko sawa," nilimjibu kila siku, mbele ya watu. Nilimwonea wivu, sifichi.

Bidhaa ziliporudi madukani na wanunuzi wa sangara wakajaa ziwani, mama mmoja mfanyabiashara alikuja kutafuta binti wa kukaa naye Musoma, akaahidi kumsomesha. Akamchagua yeye. Krismasi alirudi kutusalimia na viatu vya plastiki vyekundu. Vidole vyake vya mikono vilikuwa vimechubuka kwa magamba na chumvi, lakini mimi niliangalia viatu tu, nikakataa kula naye.

Mwaka uliofuata alitoroka, akafika amevishika vile viatu mkononi. Shule hakuiona hata siku moja. Alipara samaki tangu alfajiri, akichelewa anachapwa waya. Siku hizo sheria ya watoto ilikuwa imekazwa, anayemtumikisha mtoto anafungwa. Wakaja polisi na mama wa ustawi wa jamii. Wakamnunulia soda. Majirani wakamzunguka kwa huruma, nami nimesimama na ndoo yangu kichwani nikisema moyoni, hata shida zake zinapendwa.

Kikwazo kikawa umri. Rejista ya shule ilimwonyesha amepita umri wa mtoto kisheria, maana mwalimu alikisia mwaka kwa lile sikio; mimi niliyeandikishwa baadaye bado nilihesabiwa mtoto. Mama yangu alikuwa msibani Kibara. Yule mama wa ustawi akanigeukia.

"Mwanangu, wewe na mwenzio mmezaliwa pamoja?"

Binti wa mama mdogo hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alijua nitasema lile la kila siku, tuko sawa.

"Hapana," nikasema. "Huyu ni dada yangu."

Polisi akaandika, akafunga daftari. Mfanyabiashara wa Musoma hakufikishwa popote.

Jioni alinikuta jikoni, akaviweka vile viatu miguuni pangu.

"Chukua. Ulikuwaga unakataa, leo umeniita."

Alipotoka nilivijaribu. Vilinitosha sawasawa.