Kumi, Ila

Siku ile naikumbuka kwa kicheko, mwanangu. Nilikisikia nikiwa bado ngazini, daftari kwapani: kicheko cha mtu mzima, kinachoanzia tumboni, kinapanda, kinakatika kwa kikohozi, halafu kinaanza upya. Kilitoka kwenye darasa langu. Nikanyoosha tai, maana enzi hizo nilivaa tai hata kwenye joto la Mwanza, nikaingia.

Alikuwa Bi Minza, mwalimu wa hesabu aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Alisimama mbele ya ubao akijifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Ubaoni nilikuwa nimeandika, kwa chaki ya rangi, matokeo ya utafiti wa wanafunzi wangu: *Furaha ya wakazi wa Mwanza. Wastani: kumi kati ya kumi. Mtawanyiko: sifuri.*

"Baba," akaniambia, "hawa watu wako wako hai, au umewahesabu makaburini?"

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na huo ulikuwa muhula wangu wa kwanza kufundisha takwimu katika chuo cha ualimu. Mifano ya kitabuni, ile ya mipira myekundu na ya bluu ndani ya mfuko, ilinichosha. Nilitaka wanafunzi wajifunze wastani kwa kitu kinachopumua. Mwisho wa wiki nikawatuma, wengine Nyamagana mjini, wengine Misungwi, wengine Kisesa, kila mmoja na karatasi yenye swali moja: furaha yako ni ngapi, kuanzia moja hadi kumi? Nikawaonya kwa ukali. "Mkishapata namba, andikeni, ondokeni. Sitaki hadithi."

Wakanitii. Wakarudi na kumi. Kumi za sokoni, kumi za stendi, kumi za wanaoanika dagaa juu ya mawe. Hata muuza majeneza, kumi. Nikaamini nimegundua mji wenye heri kuliko yote duniani, nikaenda kununua chaki ya rangi.

"Hebu niulize na mimi," alisema Bi Minza.

"Furaha yako ni ngapi, mama?"

"Kumi."

"Si unaona?"

"Naona nini? Goti halijaniacha nilale tangu Jumapili. Paa la jikoni linavuja. Mzee wangu amenuna siku ya tatu leo kwa sababu nilimchinja jogoo wake. Lakini wewe, mtoto mdogo, umenisimamisha asubuhi unaniuliza hali, nikujibu mbili? Umeniona sina adabu?"

Mwanangu, nilisimama pale kama niliyemwagiwa maji. Sisi tuliolelewa huku tunajua: ukiulizwa habari za nyumbani, jibu ni nzuri, hata kama nyumba inaungua. Msukuma atakwambia *mhola*, salama, halafu atavuta kigoda, atashusha pumzi, ndipo aseme "ila". Habari yenyewe inaanzia hapo kwenye ila. Nami nilikuwa nimewaamuru wanafunzi waondoke kabla ya neno hilo. Hawakuniletea furaha ya watu. Waliniletea rundo la salamu, nami nikazitafutia wastani!

"Wote wameleta kumi?" akauliza.

"Wote, isipokuwa mmoja. Huyo aliharibu."

Nikamwonyesha karatasi ya Kabula, binti mpole wa Kisesa aliyezoea kukaa karibu na dirisha. Kwake kila mstari ulianza na kumi, halafu mambo yakabadilika. *Kumi, ila ng'ombe wawili wamekufa. Basi tatu. Kumi, ila mwanangu yuko Geita na hapigi simu. Sita. Kumi, ila... hapana, ni kumi kweli, jana nimepata mjukuu.* Chini nilikuwa nimeandika kwa kalamu nyekundu: Umeulizwa namba, umeleta hadithi. Sifuri.

Bi Minza hakucheka tena. "Sifuri hii itamfanya nini, unajua?"

Nilijua. Bila alama ya zoezi lile asingeruhusiwa kufanya mtihani, na bila mtihani safari yake ya ualimu ilikuwa imekwisha. Orodha ilitakiwa kwa mkuu wa chuo saa saba mchana.

"Nitaibadilisha, mama."

"Na umwombe radhi."

"Mwalimu amwombe radhi mwanafunzi?"

"Haya. Nilikudanganya mwanzoni," akasema akikusanya kitenge chake. "Furaha yangu leo iandike moja."

Akaniacha na ubao wangu wa rangi. Nilikuwa ofisini, bado nabishana na tai yangu, Kabula alipobisha hodi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Kabula. Habari?"

"Nzuri tu, mwalimu."

Nusura nirudi kwenye karatasi zangu. Kisha nikaona viatu vya safari miguuni mwake, na ufunguo wa bweni mkononi. Nikamsogezea kiti.

"Nzuri, ila?"

Akakaa. "Ila nimekuja kurudisha ufunguo. Nimeona alama yangu kwenye karatasi, pale mezani kwako darasani."

Nikaichukua orodha, nikakata sifuri mbele yake, nikaandika tisa na nusu. Ile nusu niliibania kwa sababu ya mwandiko. Ujinga wa ujana hauishi kwa siku moja. "Nimekosa mimi, Kabula," nikasema. "Katika darasa zima, wewe peke yako ndiye uliyefanya kazi. Nisamehe." Maneno hayo yalinipita kooni kama mwiba wa sato.

Basi wewe unayekwenda kufundisha takwimu, mwanangu, au kumuuliza mtu swali lolote chini ya jua, shika hili. Usimwondokee mtu kwenye salamu. Kaa. Akishasema nzuri, mpe muda wa kushusha pumzi, kisha ndipo ufungue kalamu. Namba zote zikifanana, kajiulize umeulizaje kabla hujasifia mji. Na ukikosea kwa mdogo wako, mwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Mungu akupe masikio marefu kuliko kalamu yako, na akujalie walau mwanafunzi mmoja asiyekutii unapokosea.

Haya yote nilitaka kumwambia Kabula palepale. Nikasafisha koo, nikaweka mikono mezani kama padri. Lakini yeye alikuwa ameshasimama, macho yamemtoka.

"Asante, mwalimu, nimekusamehe, ila godoro langu limeshafungwa kwenye keria ya gari la Kisesa!"

Akatoka mbio, na mlango ukajibamiza nyuma yake.