Kilo Ambazo Karatasi Haizitaji

Jua la Aprili limeshapanda juu ya misonobari, na Ristiina Sarre amepiga magoti kwenye theluji ya ufukweni, akisukuma mizani ya bafuni chini ya shingo ya tela lake, pale linapoungana na gari. Juu ya tela kuna pikipiki mbili za theluji zilizofungwa kwa mikanda. Mbele yake kuna kilomita nne za ziwa lililoganda na barabara ya barafu inayokwenda hadi ng'ambo.

Simu inaita kwa mara ya tatu. Anafungulia sauti ili mikono ibaki huru.

"Shemeji, uko wapi?" Ni Sammol, kaka wa marehemu mumewe, anayefuga kulungu wa kaskazini upande wa pili wa ziwa. "Wameanza kuteremka mkondoni! Majike yote yana mimba, shemeji!"

Mkondoni ni mahali maji yanapopita kwa kasi na kuila barafu kwa chini. Sammol ana pikipiki moja kuukuu na wasaidizi wawili wanaotembea kwa ski, mbao za kutelezea juu ya theluji. Hizi mbili zilizotoka karakana ndizo tegemeo lake la kuwageuza wanyama wale.

"Kibao cha uzito kimebadilishwa," anasema Ristiina. "Jana kilikuwa tani nne. Leo ni tatu."

"Na wewe hufiki tatu! Pikapu na wewe ndani, elfu mbili na hamsini. Tela, mia mbili na themanini. Pikipiki, mia tatu na kumi kila moja, nimesoma kwenye karatasi ya kiwanda. Bado una kilo hamsini za akiba. Washa gari uje!"

"Huo ni uzito mkavu."

"Mkavu, mbichi, mimi nitajuaje? Na usianze kuniambia haraka haina baraka!"

Ristiina, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, husafirisha pikipiki za theluji za wafugaji wa huku kaskazini ya wilaya ya Inari, kutoka vijijini hadi karakana na kurudi. Uzito mkavu ni wimbo wake wa kila siku. Ni uzito wa mashine kabla ya kutiwa petroli na oili, kabla ya kufungwa sanduku la vifaa na ndoano ya kukokotea.

"Uzito mkavu ni bwana harusi siku ya posa," anasema. "Amenyooka, tumbo hana. Wewe rudi umtazame baada ya miaka kumi."

Karakana walipozipima jana, kila moja ilikuwa na kilo mia tatu na sabini. Usiku ikanyesha mvua iliyoganda papo hapo ilipotua. Leo kila chuma kimevaa barafu, na chini ya matumbo ya pikipiki inaning'inia miiba ya barafu minene kama mkono.

Ndiyo maana ya mizani ya bafuni. Jana shingo ya tela ilikandamiza kilo sitini na tano. Anainama kusoma. Sabini na moja.

"Hakuna aliyepakia kitu," ananong'ona. "Sita shingoni ni karibu mia mgongoni."

Jumla imevuka tani tatu, tena kwa mbali. Sammol, akisikia, anatoa tusi ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa.

"Uula angekuwa ameshafika!" anafoka.

 Hata upande wa pili wa simu Sammol anajua amesema nini. Uula, mume wa Ristiina, alizama kwenye barabara hii hii masika manne yaliyopita, akivusha tela la pikipiki mbili. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hapa kijijini wapo wanaomcheka Ristiina kwa mizani yake. Wakimwona dukani humuuliza kama amekonda.

 Ristiina anafungua mikanda, anashusha pikipiki moja, anaiwasha. Katikati ya barabara barafu ni tupu, na pikipiki isiyorushiwa theluji ya kuipoza huchemka. Nje ya barabara kuna maji yaliyojificha chini ya theluji. Anapita ukingoni, kwenye tuta lililoachwa na trekta, upana wa meza. Baadaye hakuona haya kukiri.

"Niliogopa mpaka meno yakauma," anasema. "Lakini hofu haina kilo."

Ng'ambo alimkabidhi msaidizi mmoja pikipiki ile, akapakiwa na mwingine kwenye ile kuukuu hadi ufukweni kufuata ya pili. Moja moja. Ilikula muda. Ile ya pili ilipofika, kundi lilikuwa limeshageuzwa, ila majike tisa yalikuwa yamezama.

Je, barafu ingelibeba gari na tela lake? Hakuna ajuaye. Barabara ilifungwa siku mbili baadaye, bila kisa chochote. Sammol alikaa wiki nzima bila kumpigia simu, na Ristiina anasema hakumlaumu. Jike lenye mimba ni hesabu mbili.

"Watu wanadhani mizani hii inanipa amani," anasema nyumbani kwake wiki chache baadaye, akimimina kahawa na kuchovya humo kipande cha jibini. "Haijawahi. Ile siku ya Uula tulikaa mezani tukahesabu wote, mimi na yeye na Sammol. Gari, tela, pikipiki mbili. Karatasi zote tulizisoma. Uula mwenyewe tulisahau kumhesabu."

Mpango wake ni kukiomba kijiji kiweke mizani ya kupimia magari ufukweni kabla ya majira yajayo ya baridi, ili asiwepo tena wa kubishana naye kwenye simu. Ameshaongea na watu. Wengi wamecheka, wachache wamekubali.

Tunapoagana, gari linasimama nje. Ni Sammol, ana tela lenye pikipiki mbili za kupeleka kwenye malisho ya kiangazi milimani, ambako theluji ingalipo, kwa barabara ya nchi kavu. Haingii ndani. Anavuta mizani ya bafuni kutoka nyuma ya pikapu ya Ristiina, anaiweka juu ya ubao na kuipanda, na mabuti yake yote.

"Soma, shemeji."

Ristiina anainama. "Tisini na sita. Umenenepa."

"Ni makoti haya."

"Makoti nayo yanazama," anasema Ristiina, na anaandika tisini na sita kwanza, kabla ya gari.