Pistoni Zilizotoka Ndani ya Injini Iliyofungwa

Jumatatu asubuhi nilikuta pistoni nne juu ya meza yangu ya kazi. Zimefutwa mafuta, zimepangwa vizuri ndani ya boksi lake.

Pistoni hizohizo nilikuwa nimezifunga ndani ya injini Jumamosi. Kwa mikono yangu mwenyewe.

Na injini ilikuwa palepale, imefungwa kama nilivyoiacha.

Jamani! Damu ilinipanda kichwani.

"Nani kachokonoa injini yangu?" Nilifoka mpaka mpiga rangi akadondosha brashi.

Kila mtu kajifanya ana kazi.

Ngoja nieleze kidogo twende sawa. Ile ilikuwa injini ya gari la mashindano. Mteja alitaka kompresheni, yaani kiasi cha kubanwa kwa hewa na petroli ndani ya silinda, iwe kumi na nusu kwa moja, isizidi, maana anatumia petroli ya kawaida ya kituoni. Ukizidisha, petroli inalipuka kabla ya wakati wake na injini inajipiga ngumi yenyewe.

Bosi alishaniambia, "Hii ikitoka salama, wewe ndiye fundi mkuu." Huo ukuu niliusubiri miaka tisa, nikiwa mwanamke peke yangu kwenye gereji nzima.

Basi nilikaa na kalamu. Kitabu kilisema nafasi ndani ya silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ni mililita arobaini. Nikajumlisha nafasi ya gasketi, nikachagua pistoni zilizovimba kichwani ili zipunguze nafasi mpaka ifike panapotakiwa. Kumi na nusu kamili, hesabu haina doa.

Stoo kulikuwa na seti nyingine, bapa, ambayo mteja aliileta mwanzo. Niliikataa.

Sasa, Jumatatu hiyo, nikachungulia kwa tochi kwenye tundu la plagi. Ndani kulikuwa na zile pistoni bapa.

Aliyekuwa na ufunguo wa gereji Jumapili ni shemeji, mdogo wa mume wangu, fundi wa giaboksi. Na yeye pia aliutaka ukuu.

"Ni wewe?"

Akatazama chini. "Ni mimi, shemeji."

Hata hakukana! Hapo ndipo nilipopandwa na mori.

"Kwa nini?"

"Pima hedi kwanza. Ukishapima, nitukane utakavyo."

"Unanifundisha kazi mimi? Wewe wa giaboksi?"

Nilimpa vidonge vyake. Nilimwita mnafiki, nikamwita kikulacho, nikasema anataka kuniangusha ili apande yeye. Yote hayo mbele ya bosi, mbele ya wateja. Mdomo wangu ukianza hauna breki.

Bosi akamuuliza, "Una la kusema?"

"Sina."

Akaambiwa akusanye spana zake. Akaondoka bila kugeuka nyuma, nami roho yangu ikasuuzika. Niseme ukweli, nilifurahi.

Nikafungua injini, nikarudisha pistoni zangu.

Jumatano mteja akaja kuijaribu. Iliwaka kwa kishindo kizuri, nikatabasamu. Akakanyaga mafuta barabarani, nami nimekaa pembeni yake, ikaanza kugonga. Ka-ka-ka-ka! Tulipofika kwenye mlima ikatoa moshi, ikazima.

Pistoni ya tatu ilikuwa imepasuka.

Bosi alisema mengi, na siwezi kuyaandika hapa.

Nikachukua sirinji na mafuta, nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo: nikapima ile nafasi ya hedi, tone kwa tone.

Mililita thelathini na sita.

Nikapima tena. Thelathini na sita.

Hedi ilikuwa imechongwa kupita kiasi, nafasi ikapungua. Pistoni zangu ziliipeleka kompresheni mpaka kumi na moja na nusu. Zile bapa zingeipa kumi na nusu kamili.

Na gereji yetu anayechonga hedi ni mmoja tu. Baba yangu mzazi, aliyenifundisha kazi hii.

Nilimwendea kwenye mashine yake.

"Baba, hedi umeifanyaje?"

Akazima mashine. "Mkono uliteleza, mwanangu. Ikabidi nichonge tena ili ikae sawa."

"Na shemeji?"

"Nilimwomba anisaidie Jumapili tubadilishe pistoni. Nikamwapisha asiseme. Zako akakuachia mezani, hakutaka uonekane umeibiwa."

"Amefukuzwa kazi, baba! Ulikuwa umesimama hapohapo ukisikia!"

"Nilikuwepo."

"Kwa nini hukuniambia mimi? Mimi mwanao?"

Aliifuta miwani yake kwa shati.

"Uliona ulivyomfanya mwenzio? Hicho ndicho nilichokikimbia. Mzee wa miaka sabini, niambiwe hayo mbele ya watu?"

Nilitaka kumjibu kwa ukali, na jibu nilikuwa nalo tayari. Kisha nikaona amerudi nyuma hatua moja. Baba yangu alikuwa ananiogopa.

Siku hiyohiyo tukaenda wote kwa bosi, kila mtu akasema lake. Kisha nikaenda nyumbani kwa shemeji, nikamwomba msamaha mbele ya mkewe. Alirudi kazini. Leo yeye ndiye fundi mkuu, na anaustahili.

Mimi nimejirekebisha. Napima kila kitu, na sauti nimeshusha. Lakini hadi leo, baba akikosea kitu kwenye ile mashine, ananipita mezani kwangu kimyakimya na kwenda kumwambia shemeji.

Wewe unayesoma, ukiona watu wako wanakuficha makosa yao, kabla hujawaita waongo jiulize ukiambiwa huwa unafanyaje.